Kujaribu programu mbele ya kuitumia: siku ngapi, watu wangapi, na nani atalipa?

Siku moja hapa Zongwe niliona mama mmoja akirudishwa nyumbani kwa sababu ya tableti. Ilikuwa kazi ya kuandikisha watu kwa ajili ya msaada; shirika lenyewe sitalitaja. Fishi iliyokuwa ndani ya tableti iliomba namba ya telefone, tena yenye tarakimu kumi kamili. Mama hakuwa na telefone. Ajenti alibonyeza "endelea" mara tatu, mashini ikakataa mara tatu. Njo akamwambia: "Mama, urudi kesho, tutauliza wakubwa." Kesho yake maajenti walikuwa wamekwisha kupita kijiji kingine.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aliyetengeneza programu alikaa mjini, na kila mtu anayemfahamu ana telefone. Kilichokosekana ni kazi moja ndogo: mtu wa kuijaribu fishi ile na kuuliza, "Na yule asiyekuwa na telefone, atapita wapi?" Kazi hiyo ingechukua dakika kumi. Lakini katika mpango wa kazi, dakika hizo hazikuandikwa popote.

Vijana wengi wa Kalemie na vijiji vyake wanajifunza sasa kutengeneza programu, ile wengine wanaita lojisieli. Mashirika, koperative na shule zinawaomba kazi. Swali la kwanza linakuwa kila mara: "Itachukua siku ngapi, na dola ngapi?" Leo tunaeleza namna ya kujibu swali hilo bila kusahau majaribio.

Kujaribu programu ni nini?

Kujaribu haiko kufungua programu mara moja na kuona kama inawaka. Ni kuitumia sawa vile watu watakavyoitumia kweli: mwenye haraka, mwenye kukosea, mwenye telefone ya zamani, mwenye rezo inayokatika katikati ya kutuma. Anayejaribu anatafuta makosa mbele mteja hajayakuta.

Ndani ya kazi hiyo iko kazi nyingi ndogo, na kila moja inakula muda:

- kuandika orodha ya mambo ya kujaribu;
- kutayarisha majina na hesabu za mfano;
- kupata telefone, umeme na mega za intaneti;
- kujaribu kwenyewe;
- kuandika makosa yaliyoonekana, ili mtengenezaji aelewe;
- kujaribu tena kisha makosa kutengenezwa.

Wengi wanahesabu ule mstari wa nne peke yake. Njo maana siku hazitoshi.

Namna mpya ya kufanya kazi

Zamani programu ilijengwa sawa vile nyumba: mpango wote kwanza, kisha kujenga kwote, na majaribio mwisho kabisa. Kazi ikichelewa, muda uliobaki kwa majaribio ndio uliokatwa.

Mwezi wa pili wa mwaka wa 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tangazo fupi juu ya namna nyingine, inayoitwa ajile, kusema wepesi. Kazi inakatwa vipande vidogo. Kila awamu, mara nyingi wiki mbili, inatoa kitu kidogo kinachotembea, mteja anakiona, anasema maoni yake, na awamu nyingine inaanza. Namna inayojulikana sana ni Skramu, ambayo Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliionyesha mwaka wa 1995.

Katika njia hii majaribio hayangoji mwisho. Kipande hakisemwi "kimekwisha" kama hakijajaribiwa. Lakini hapa njo magumu yanaanza: kama majaribio yako ndani ya kila kipande, utayahesabu namna gani?

Hesabu ya kwanza: kipande na majaribio yake ni kitu kimoja

Tuchukue mfano wa kubuni. Koperative ya wauza samaki inataka programu ya telefone kwa kuandika kilo za mikebuka na ndakala zinazoingia. Kipande kimoja kinasema: "Muuzaji anaandika kilo, anaona bei yote."

Kikundi hakianzi na saa wala siku. Kinatoa pointi, kusema uzito wa kipande kimoja kulinganisha na kingine. Kipande chepesi kinapata 1, kingine 2, 3, 5, 8 au 13. Tangu mwaka wa 2002, kwa wazo la James Grenning, vikundi vingi vinatumia karata. Kila mtu anachagua karata yake kwa siri, kisha wote wanazifunua pamoja.

Kwa nini kwa siri? Tunafahamu namna mikutano yetu inavyoenda: mukubwa akisema "ni kazi ya siku mbili," kijana hatasema kumi. Karata zikifunuliwa pamoja, aliyetoa 3 na aliyetoa 13 wanapaswa kueleza. Mara nyingi mwenye 13 ni yule anayejaribu, kwa sababu anafikiri juu ya mtu atakayeandika kilo "mia" kwa herufi, au atakayeweka koma mahali pa nukta. Kisha kumsikiliza, kikundi kinapiga karata tena mpaka wapatane.

Hesabu ya pili: angalia mwendo wenu wa kweli

Kisha awamu tatu, kikundi kinaangalia pointi ngapi kilimaliza, pamoja na kujaribu. Tuseme 20, 22, 18. Wastani ni 20. Kama kazi yote ni pointi 120, basi ni awamu 6, kusema wiki 12.

Sasa angalia mtego. Kikundi kile kile kinaweza kuandika pointi 30 kwa awamu, lakini kinajaribu 20 tu. Mukubwa anaona 30, anamwahidi mteja awamu 4, wiki 8. Wiki ya 8 inafika: pointi 120 zimeandikwa, lakini 80 ndizo zimejaribiwa. Pointi 40 ziko pale, hakuna anayejua kama zinatembea. Zinaomba awamu mbili zingine. Wiki zinarudi kuwa 12 zile zile, isipokuwa sasa mteja amekasirika, na feza za wiki 8 zimekwisha.

Hesabu ya tatu: heri, kawaida, vibaya

Kwa kipande kigumu, tumia namba tatu. Njia hii ilitokea katika jeshi la majini la Marekani mwaka wa 1958, katika mradi wa makombora ya Polaris. Jiulize: mambo yakienda heri, siku ngapi? Kwa kawaida? Na yakienda vibaya? Halafu chukua ile ya heri, ongeza ya kawaida mara 4, ongeza ya vibaya, gawa kwa 6.

Mfano: kujaribu kutuma hesabu mahali penye rezo mbaya. Heri siku 2, kawaida siku 3, vibaya siku 10. Inakuwa 2, kuongeza 12, kuongeza 10, ni 24. Gawa kwa 6, unapata siku 4. Kumbe ile "kawaida" ya siku 3 haitoshi. Huku kwetu namba ya vibaya haiko ya kupamba karatasi: umeme unakatika, barabara inakatika, mtumbwi unachelewa.

Hesabu ambayo watu wanaisahau: kurudilia

Ukiongeza kitu kipya, unaweza kuharibu cha zamani. Kwa hiyo kila awamu unajaribu vipya, na unarudilia vya nyuma. Tuseme awamu ya kwanza iko na mambo 5 ya kujaribu, kila moja dakika 10: ni dakika 50. Awamu ya sita yamekuwa 30: ni saa 5. Ukijaribu ku aina 4 za telefone, ni saa 20, kusema zaidi ya siku mbili za mtu mmoja, mbele hajagusa kipya hata kimoja. Njo maana vikundi vingi vinaandika programu ndogo za kurudilia majaribio zenyewe. Lakini hizo pia zinaomba siku za kuziandika na kuzitunza. Ziweke ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Mwaka wa 1975, Frederick Brooks, aliyeongoza kazi kubwa ya programu katika kampuni ya IBM, aliandika kanuni yake: theluthi moja ya muda kwa mpango, sehemu moja ya sita kwa kuandika programu, robo kwa kujaribu vipande, na robo nyingine kwa kujaribu vyote pamoja. Katika wiki 12, ni 4, 2, 3 na 3. Nusu nzima ni majaribio. Leo namna za kazi zimebadilika, lakini ukiona mpango wenye kutoa siku mbili za mwisho kwa majaribio, uulize maswali.

Kenya: kura zilizozidishwa mara nane

Tarehe 4 Machi 2013, Kenya ilipiga kura. Matokeo yalipaswa kutumwa kwa telefone mpaka Bomas of Kenya, Nairobi, na kuonyeshwa pale kwa wote. Watu wakaona hesabu ya kura zilizokataliwa inapanda sana, zaidi ya laki tatu. Kisha tume ya uchaguzi, IEBC, ikaeleza kwamba programu ilikuwa na kosa: ilizidisha kura hizo mara nane. Mfumo wa kutuma ulikwama, wasimamizi wakapaswa kuleta karatasi wenyewe Nairobi. Matokeo yalitangazwa tarehe 9 Machi, na kura zilizokataliwa zilikuwa 108,975. Mahali pengi pia vifaa vya kutambua wapiga kura vilizimika, kwa kukosa umeme.

Kuzidisha mara nane haiko kosa gumu kuliona. Unaingiza kura 10 zilizokataliwa, unaangalia kama zinatokea 10. Lakini jaribio hilo linaomba mtu, muda, na ruhusa ya kusema "bado." Nchi ambayo iliona damu kisha uchaguzi wa mwaka wa 2007, namba moja mbaya mbele ya watu wote haiko mchezo.

Kwetu Kongo

Sisi pia tunafahamu. Mashini za kupiga kura zilitumika kwa mara ya kwanza nchini mwetu tarehe 30 Desemba 2018. Siku ilikuwa imepangwa tarehe 23, lakini usiku wa kuamkia tarehe 13 moto uliunguza depo ya CENI Kinshasa pamoja na maelfu ya mashini. Mwaka wa 2023, kura ya tarehe 20 Desemba iliendelea kesho yake, kwa sababu vituo vingi vilichelewa ao havikufunguka, na mahali pengine mashini zilileta magumu. Si yote yalitoka ku programu. Kusafirisha vifaa katika nchi kubwa sawa hii ni kazi yenyewe. Lakini anayehesabu siku za majaribio anapaswa kuhesabu pia betri, barabara, na ajenti anayegusa mashini kwa mara ya kwanza.

M-Pesa: waliochukua muda

Mfano mzuri tunao mukononi. M-Pesa, mbele ya kufika Kongo mwaka wa 2012, ilijaribiwa Kenya kuanzia mwezi wa kumi 2005, na wateja wasiofika 500. Ilifunguliwa kwa wote mwezi wa tatu 2007. Ilitengenezwa kwa kulipa mikopo midogo, lakini katika majaribio watu walianza kutumiana feza wao kwa wao. Wenye kazi walisikia, wakabadilisha mpango. Kama wangekimbia, pengine wangefungua kitu ambacho watu hawakukihitaji.

Maswali ya kuuliza mbele ya kutia sahihi

Kama uko mukubwa wa koperative, shule ao shirika, na kijana anakuletea bei, muulize: nani atajaribu, tofauti na aliyeandika? Siku ngapi ziko za kurudilia? Mutajaribu ku telefone gani, na wapi? Makosa yakionekana kisha kufungua, nani analipa?

Na wewe kijana unayeandika bei, usiogope kuweka mstari wa majaribio kwa sababu mteja atasema ni ghali. Mueleze kwa mfano. Muambie juu ya mama aliyerudishwa nyumbani: dakika kumi za kujaribu zilikosekana, naye akakosa kuandikishwa.