Mlima Ulichelewa Kuingia Darasani

Wanafunzi wangu wa urubani hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, hudhani simyuleta, mashine ya kuigiza ndege, ni mtoto wa kompyuta. Huwaambia kwamba ni mtoto wa kinanda. Edwin Link aliyeiunda mwaka 1929 huko Binghamton, jimbo la New York, alikulia katika kiwanda cha baba yake cha piano na ogani. Alipotaka kisanduku chenye mabawa mafupi kiiname na kuyumba kama ndege, alitumia vitu vya nyumbani kwao: mivukuto, pampu ya hewa na vali. Rubani aliketi ndani, akafungiwa kifuniko asione nje, akabaki na vipimo vyake tu. Jeshi la Marekani halikukitaka. Wateja wa kwanza wakawa viwanja vya burudani, watu wakilipa kuyumbishwa ili wacheke.

Kabla ya hapo, marubani wengi waliamini kwamba mwili wa rubani hodari humwambia ndege imeinamia wapi. Mwaka 1926, rubani wa jeshi William Ocker na daktari David Myers waliwakalisha wenzao kwenye kiti kinachozunguka, macho wameyaziba. Kiti kilipopunguza mwendo, aliyeketi aliapa kwamba sasa kinazunguka upande wa pili. Ugonjwa ulikuwa umejulikana, na dawa yake ikaonekana tarehe 24 Septemba 1929, Jimmy Doolittle alipopaa, akazunguka na kutua bila kuona nje hata kidogo. Alikuwa na upeo bandia wa Sperry na altimita (kipimo cha kimo) ya Kollsman, na mbele yake ameketi Ben Kelsey, tayari kuokoa mambo yakiharibika.

Ililazimu watu wafe ndipo dawa inunuliwe. Februari 1934 Rais Roosevelt alifuta mikataba ya mashirika yaliyobeba barua kwa ndege, akalikabidhi jeshi kazi hiyo katikati ya majira ya baridi. Vijana wa jeshi hawakuwa na mazoezi ya kuruka kwa vipimo. Hata kabla ya siku ya kwanza ya kazi, wawili walikufa usiku, katika dhoruba ya theluji, kwenye milima ya Utah, nao walikuwa wakijifunza njia tu. Hadi zoezi hilo linakwisha, wafu walipita kumi. Link alialikwa kuonyesha mashine yake kwa maofisa huko Newark. Siku hiyo kulikuwa na ukungu mzito, nao walikuwa wamekata tamaa kwamba hatafika. Akatokea ukunguni na ndege yake, akatua. Jeshi likanunua mashine sita, kila moja dola 3,500. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, zaidi ya 10,000 zilikuwa zimetengenezwa.

Sasa niseme jambo ambalo historia hii ikisimuliwa huwa linarukwa. Mashine ya Link haikuwa na mlima. Mwalimu aliketi kwenye meza pembeni, na juu ya ramani yake kilitambaa kifaa cha magurudumu matatu walichokiita kaa, kikichora kwa wino njia aliyopita mwanafunzi. Kaa huyo alipita juu ya kilele kama anavyopita juu ya ziwa. Mwanafunzi angeweza kushuka hadi ndani ya mwamba, na altimita ikaendelea kuteremka kwa adabu. Mlima ulikuwa kichwani mwa mwalimu. Asipousema, haupo.

Aliyeuandika mlima kwenye karatasi alikuwa mtu mwingine, Elrey Jeppesen, rubani wa barua kati ya Cheyenne na Salt Lake City. Alinunua daftari la senti kumi, akaanza kunakili urefu wa vilima, viwanja, mwelekeo wa mabonde, hata namba za simu za wakulima ambao wangemwambia hali ya hewa. Siku za mapumziko alipanda vilima na altimita mkononi. Mwaka 1934 alianza kuwauzia wenzake kurasa hizo, na chati tunazotumia leo Nairobi zina ukoo na daftari lile.

Kwetu mlima haujawahi kuwa hadithi. Tarehe 18 Mei 1955, ndege aina ya Dakota ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kuja Nairobi iligonga kilele cha Mawenzi, kwenye Kilimanjaro. Watu wote 20 walikufa. Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ikikaribia Nairobi iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani wakasikia 5,000, wakaiweka namba hiyo, wakaendelea kushuka. Uwanja wa Embakasi uko futi 5,330 juu ya bahari. Kwa aliyezoea London, futi 5,000 ni angani kabisa. Hapa ni chini ya udongo. Walipotoka mawinguni wakaona ardhi, wakavuta, na inasemekana walibakiza kama futi 70. Mikono ya watu wale haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni ile hesabu ya kushtuka unaposikia namba.

Mwaka huohuo, Desemba, ndege ya TWA ilipiga mlima huko Virginia ikaua watu 92, na Marekani ikaamuru ndege kubwa za abiria ziwekwe kifaa cha kuonya juu ya ardhi, kazi ya mhandisi Don Bateman. Miaka ya 1990 kifaa kikapewa ramani ya dunia, ambayo sehemu yake Bateman aliipata kwa kununua data za Kisovieti. Darasani nako, simyuleta kubwa za miaka ya 1960 zilikuwa na kamera ya televisheni iliyosafiri juu ya mfano wa uwanja na mashamba machache. Kompyuta ndiyo iliyoleta miinuko yote.

Hewa nyepesi nayo ni somo lake. Mchana wa nyuzi 25 hapa Nairobi, ndege inaiona hewa kama ya futi 7,800. Kipimo kikisoma noti 120, mwendo wa kweli ni karibu 135. Mteremko wa nyuzi 3, ambao kwenye usawa wa bahari unadai kushuka kama futi 640 kwa dakika, hapa unadai karibu 715, na duara la kugeuka linapanuka kwa zaidi ya robo. Mwanafunzi hunijia akijitetea, "Mwalimu, si nimefuata sindano?" Namjibu: umefuata, ndiyo; sasa niambie milima ya Ngong iko upande gani, na kilele chake ni futi ngapi.

Tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo ya abiria kutoka Kitale kuja Nairobi ilipiga milima ya Nyandarua, wakafa watu 10. Hata hivyo, bado nakutana na vijana waliomaliza saa zao zote za simyuleta wakikaribia viwanja vya ng'ambo, tambarare, karibu na usawa wa bahari, kwa kuwa ndivyo mashine ilivyokuja imepangwa. Kwa hiyo wewe mzazi au kijana unayetafuta chuo, usianze na bei. Omba uketishwe kwenye simyuleta yao, uwekewe mawingu, kisha utoke Kitale kuja Wilson. Nyandarua isipokuwamo ndani, nenda chuo kingine.