Mlembe, Mwalimu Asiye na Darasa

Mzazi anayeamua kuwafundisha wanawe habari za ndege nyumbani huanza kwa kutafuta kitabu cha picha na orodha ya majina. Majina yana nafasi yake, lakini historia ya warina asali wa upande huu wa Afrika inaelekeza kwingine: mtoto humjua ndege kwa undani anapokuwa na shughuli naye. Mwaka 1588, huko Sofala, padri Mreno João dos Santos aliandika habari za ndege mdogo aliyeingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa, na ambaye porini huwaongoza watu hadi penye nyuki. Ndege huyo ni mlembe. Waborana wa kaskazini mwa Kenya walikuwa na elimu nzima juu yake: walisema kwamba anavyoruka na anavyolia huwaonyesha upande uliko mzinga, umbali wake, na wakati wamekwishafika. Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer waliyapima madai hayo kwa miaka mitatu, na mwaka 1989 wakatangaza kwamba ni ya kweli. Mrina asiye na ndege alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Aliyeongozwa alihitaji saa 3.2. Elimu hiyo ilikuwa sahihi kabla ya mtu yeyote kuiandika.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni silika ya ndege tu, na mtoto hana alichofundishwa. Ni kweli kwamba mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine, hivyo kinda hakui na wazazi wake, na tabia ya kuongoza haiwezi kuwa somo la mama. Lakini sauti ya kumwita ni ya binadamu, nayo hurithishwa. Wayao wa Niassa, Msumbiji, hutetemesha ulimi kisha wakaguna, na husema walijifunza kwa baba zao. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba mlio huo ulipandisha uwezekano wa kuonyeshwa nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wao hupiga mluzi wenye kupanda na kushuka. Mwaka 2023 ikathibitika kwamba mlembe wa kila upande huitikia zaidi ishara ya watu wa hapo kuliko ya wageni. Kijana anayekosea mwito hapewi alama mbaya. Anarudi mikono mitupu. Hakuna mtihani wa darasani ulio mkali na wa haki kiasi hicho.

Hoja nzito zaidi ni kwamba watu hao walitafuta asali, hawakutafuta elimu. Naikubali nusu yake. Herbert Friedmann, katika kitabu chake cha mwaka 1955, alieleza kwamba penye sukari ya dukani desturi ilikuwa ikififia, maana yake haja ndiyo iliyoishikilia. Hata hivyo haja hiyo ilizaa maswali ya kweli. Wayao humwachia ndege nta. Wahadzabe mara nyingi huificha au kuichoma, ili aendelee kuwa na njaa na kuongoza. Ndege ni yuleyule, maamuzi mawili tofauti, na mtoto wa miaka 9 anaweza kuulizwa ni upi una faida zaidi na kwa nani.

Mjini hakuna mlembe, lakini kunguru yupo. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka, akaenea hadi bara akila pia mayai na makinda ya ndege wengine. Mtoto wa Dar es Salaam anaweza kumfuata jioni hadi mti anapolala, kuandika saa ya kurejea kwa mwezi mzima, kisha kuwauliza wazee wa mtaa ni ndege gani walionekana hapo zamani na sasa hawapo.