Mtu wa Mnunuzi

Neno dalali lilitoka Uarabuni, likakaa minadani Zanzibar na Mombasa, kisha likapanda bara pamoja na biashara. Huku nchi ya chai, kijana anayekutafutia ploti humwiti dalali, unamwita broka. Jina ni lingine lakini kazi ni ile ile ya kuwakutanisha wawili na kukata chake katikati. Sasa wewe umetoka Nairobi na akiba yako, umeshuka Ndanai, na jamaa anakupitisha kwenye matope akikuonyesha kigingi hiki na kile. Je, anakuongoza wewe, au anampelekea mwenye shamba mteja?

Wengi hawaulizi. Anacheka nao, anawanunulia chai, wanaona ni mtu wao. Lakini ukiisoma historia ya ardhi ya Sotik na viunga vyake, utaona karibu kila aliyewahi kukaa kwenye meza hiyo alikuwa na mtu wa kumsemea, isipokuwa mnunuzi mdogo.

Zamani hapakuwa na mnunuzi. Kwa Wakipsigis mali ilikuwa ng'ombe, na malisho yalikuwa ya wote. Mgeni aliyetaka kulima alihitaji kukubalika na kokwet, yaani majirani na wazee wao. Msemaji wa hao wazee, boiyot ab kokwet, alijua nani ni nani, nani ana deni la nani, na mpaka wa shamba unapita mti gani. Hakulipwa kamisheni. Ila tusimpambe kupita kiasi, kwa sababu alilinda amani ya majirani, na haja ya mgeni ilikuja nyuma.

Halafu akaja mteja mwenye wakala mzito kuliko wote. Mwaka wa 1905 Waingereza walituma msafara wa kijeshi Sotik, na baadaye sehemu ya ardhi hiyo ikawa ya walowezi. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ilikuwa imeruhusu mikataba ya miaka 99, na ile ya 1915 ikapandisha hadi 999. (Ukipewa miaka 999 umepewa milele, ila kwa lugha ya adabu.) Mlowezi hakuhitaji broka. Serikali ilimpimia shamba, ikamwandikia hati na kumlinda kwa bunduki. Miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, ziliingia Kericho zikiwa na mawakili na wapima wao. Aliyekosa mtu wa kumsemea ni yule aliyekuwa akilisha ng'ombe hapo jana yake.

Kufikia miaka ya 1930 Wakipsigis wenyewe walikuwa wameanza kuzungushia mashamba ua, mahindi yakiwa na soko. Ardhi yenye ua huwa na mwenyewe, na chenye mwenyewe kinaweza kuuzwa.

Uhuru ulipokaribia, mwaka wa 1962, ukaja mpango wa ekari milioni moja wa kuwanunua walowezi na kuwagawia Waafrika mashamba. Hapa ndipo ninapokwama kila nikisoma habari hii. Muuzaji, yule mlowezi, alikuwa na chama chake na masikio ya London. Mkopo ulitoka kwa wakubwa, Uingereza na Benki ya Dunia wakiwemo. Bei ikakubaliwa huko juu. Kisha mkulima akaitwa, akaonyeshwa kipande chake na deni lake. Alikuwa mnunuzi kwa kila hali, maana ndiye aliyelipa, lakini hakuna aliyemwuliza kama shamba lina thamani hiyo.

Baada ya hapo sheria zikafuatana. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilimpa aliyeandikwa wa kwanza ngao ya ajabu: korti haikuweza kurekebisha usajili wa kwanza hata kama ulipatikana kwa udanganyifu. Ngao hiyo ilidumu hadi 2012. Mipaka nayo iliandikwa kwa jumla tu, kwa hiyo ekari zilizo kwenye hati si lazima ziwe ekari zilizo chini ya miguu yako. Hata ile ploti ya futi 50 kwa 100 inayouzwa kama moja ya nane ya ekari haifiki. Moja ya nane ni futi za mraba 5,445, wewe umepewa 5,000.

Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 ikaleta bodi. Ukinunua shamba bila kibali chake, kwa maandishi ya sheria hiyo mauzo ni batili. Ni chombo kizuri: mke na watoto wa muuzaji husikizwa, na mzee hawezi kuuza shamba la familia kimya kimya halafu akapotelea mjini. Hata hivyo, ukiitazama vizuri, bodi inailinda familia ya muuzaji na sera ya kilimo. Wewe mnunuzi unasubiri nje na stakabadhi yako.

Gharama ya kutokuwa na mtu wako inaonekana wazi zaidi kule Narok, jirani ya Bomet. Chini ya sheria ya 1968, Wamasai walisajiliwa ranchi za pamoja. Zilipogawanywa, baadhi ya vipande kando ya Mau vilipita mpaka wa ranchi na kuingia msituni. Wanunuzi wengi walikuwa Wakipsigis kutoka Bomet na Kericho, watu waliouza ng'ombe na kukusanya senti miaka nenda rudi. Walionyeshwa ardhi, wakalipa, na wengine wakapewa hati zenye muhuri. Mwaka wa 2018, kisha 2019, serikali ikawaondoa Maasai Mau ikisema ardhi ni msitu na hati hizo si halali. Unaweza kulaumu siasa, na nyingi ipo. Lakini katika safari yote ile, kutoka aliyeuza hadi aliyepiga muhuri, ni nani aliyelipwa kwa kazi ya kufungua ramani na kusema, "Hapa pamepita mpaka, usinunue"?

Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufukweni Nyali iliyogawiwa kwanza kwa Daniel arap Moi mwaka wa 1989. Kampuni iliyoinunua baadaye ilipoteza, kwa sababu ugawaji wa mwanzo haukufuata utaratibu. Maana yake kwako ni kwamba sachi ya kawaida kwa msajili haitoshi. Lazima mtu arudi nyuma hadi mzizi wa hati. Broka hawezi kuifanya kazi hiyo, na hata angeweza, haina faida kwake.

Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi ya 1984 inataka wakala asajiliwe na bodi. Broka wa sokoni hata hana ofisi ya kubandika cheti. Mara nyingi muuzaji humtajia bei, naye akakutajia nyingine, na tofauti inabaki mfukoni mwake. Hapo umemlipa wewe, na bado si wako.

Usidhani ni ushamba wetu. Marekani, mwaka wa 1983, uchunguzi wa Tume ya Biashara ya serikali ulikuta wanunuzi wengi wakiamini wakala anayewatembeza ni wao, ilhali kisheria mara nyingi alikuwa wa muuzaji. Wakala rasmi wa mnunuzi akaenea baada ya hapo, ila aliendelea kulipwa kutoka pesa za muuzaji, kwa asilimia ya bei. Agosti 2024, baada ya kesi nzito, ikawa lazima mnunuzi atie saini mkataba na wakala wake kabla ya kutembezwa, malipo yakiwa wazi.

Kwa hiyo nakubali mnunuzi awe na mtu wake, lakini wakala wa pili wa asilimia simtaki, maana naye bei ikipanda anafurahi. Ndanai ningelipa wakili wangu, tofauti na yule wa muuzaji hata nikiambiwa tugawane mmoja tuokoe pesa, na serveya, wote kwa ada isiyobadilika ninunue nisinunue. Kisha ningerudi bila broka, siku ya kawaida, nikae na jirani wa shamba hilo, mzee wa kokwet akiwepo, niulize mpaka unapita wapi na nani mwingine ameshalipia.