Tumkabidhi Nani Daftari? Kontable wa Lubumbashi na Mhasibu wa Dar es Salaam

Lubumbashi, mtu anayeshika vitabu vya kampuni huitwa kontable. Dar es Salaam na Nairobi ni mhasibu, na akishafaulu mtihani wake wa mwisho watu humtambulisha kwa herufi tatu, CPA, zikatangulia hata jina alilopewa na wazazi. Neno la kwanza limepitia Kifaransa cha Wabelgiji. La pili limepitia Kiarabu cha pwani. Yote mawili yanamtaja mtu wa hesabu. Lakini njia za kumfikisha mtu kwenye jina hilo hazifanani, na siku hizi zinakutana juu ya meza moja ya kusomea, katika kartie ya Golf, mjini Lubumbashi.

Kartie hii imepata jina kutokana na mchezo uliokulia Uskoti. Nalitaja hilo kwa sababu ni Uskoti hukohuko, mjini Edinburgh, mwaka 1854, ambako chama cha wahasibu kilipewa hati ya kifalme, na desturi ya wahasibu kujitahini na kujitawala wenyewe ikapata mizizi. Lubumbashi nayo, iliyoanzishwa na Wabelgiji kwa jina la Elisabethville, ilifikiwa na reli mwaka 1910 kutoka kusini, upande wa Waingereza. Tangu utoto wake mji huu una mlango unaotazama Brussels na mlango unaotazama kusini.

Leo anayesimama kati ya milango hiyo ni kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Lubumbashi au ISC, chuo cha biashara, anayefanya kazi mchana na kusoma usiku, umeme ukiwapo au jenereta ikinguruma nje ya ukuta. Mbele yake kuna vitabu viwili. Kimoja ni sheria ya uhasibu ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara, kwa Kifaransa. Kingine ni cha mitihani ya ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, kwa Kiingereza. Watu humuuliza atachagua kipi. Mimi naona swali la kutangulia ni jingine: kila kitabu kinajibu nini kuhusu mtu wa kukabidhiwa daftari?

Tuanze na cha kwanza, maana ndicho sheria ya nchi. Katika desturi ya Kifaransa daftari ni jambo la dola. Mwaka 1673, zama za waziri Colbert, mfalme aliwaamuru wafanyabiashara washike vitabu. Mwaka 1947 Ufaransa ikatoa mpango mmoja wa hesabu, ambamo kila jambo lina namba yake. Zaire, ndiyo Kongo ya leo, ilitunga sheria ya mpango wake mwaka 1976. Kongo ilipoingia OHADA, kuanzia tarehe 12 Septemba 2012, ilijiunga na familia ambayo leo ina nchi 17 zenye sheria moja ya biashara na mpango mmoja wa hesabu. Mpango huo ulifanyiwa marekebisho Brazzaville mwezi Januari 2017 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2018.

Ndani ya mpango huo, kundi la 1 ni mtaji na mikopo, la 2 ni mali za kudumu, la 3 ni bidhaa za ghalani, la 4 ni wadai na wadaiwa, la 5 ni fedha, la 6 ni gharama, la 7 ni mapato. Wateja ni 41, benki ni 52, kasha ni 57. Mwanafunzi wa mchepuo wa biashara huanza kuzikariri angali sekondari. Kontable wa Lubumbashi akikaa na mwenzake wa Dakar au Abidjan, akisema 601, wote wawili wanaona shehena ileile ya bidhaa ikinunuliwa. Huo ni utajiri mkubwa kwa bara lenye lugha nyingi.

Na leseni? Hapa pia dola ndiyo inayofungua mlango. Sheria ya tarehe 12 Februari 2015 iliunda ONEC, baraza la kitaifa la wahasibu wataalamu wa Kongo. Katika nchi za OHADA zenye baraza kama hilo, aliyeandikwa katika orodha yake ndiye pekee anayeweza kuwa komisea wa hesabu, yule anayethibitisha vitabu vya kampuni mbele ya wenye hisa. Kila kampuni ya hisa lazima iwe na komisea, kwa hiyo saini ya mtu huyu ina uzito wa sheria. Mfaransa anayetaka saini ya namna hiyo hupanda ngazi ndefu: diploma ya miaka mitatu, nyingine ya kiwango cha masta, stazhi, yaani mafunzo ya kazini, ya miaka mitatu, kisha tasnifu na mtihani wa mwisho. Shule, ofisi na baraza hupokezana mtu mmoja, na asiyepita shuleni ni vigumu kuingia.

Kitabu cha pili kinatoka katika desturi iliyoanza bila kumtegemea mwalimu wa chuo. Wahasibu wa Edinburgh na London walijifunza ofisini, chini ya mkono wa aliyewatangulia, kisha chama chao kikawatahini. ACCA, yenye asili ya mwaka 1904, imehifadhi desturi hiyo: mitihani 13, miezi 36 ya kazi halisi, na somo la maadili. Afrika Mashariki iliirithi na kuipa sura ya taifa. Kenya iliunda KASNEB mwaka 1969 kwa ajili ya mitihani, kisha sheria ya 1977 ikaleta taasisi ya kuwasajili wahasibu wenyewe. Tanzania ilitunga sheria ya 1972 iliyoizaa NBAA, bodi yake ya wahasibu, na hadi leo watahiniwa wake huhesabu mwaka kwa Mei na Novemba, miezi ya mitihani.

Mtihani wa namna hii haumwulizi mtu namba ya kasha. Unampa hadithi ya kampuni yenye mkurugenzi mwenye haraka, mteja asiyelipa na benki inayosubiri, kisha unamwuliza angefanya nini na kwa nini. Unapima busara. Lakini nao una hatari yake. Wapo wanaokimbiza mitihani kama wanaokimbiza basi: wanakariri majibu ya miaka iliyopita, wanafaulu, na bado hawajawahi kushika ankara ya kweli wala kusimama ghalani kuhesabu magunia. Hatari ya desturi ya kwanza iko upande wa pili: mwanafunzi anaweza kuamini kwamba akishapata namba ya akaunti, kazi ya kufikiri imekwisha.

Marekani imejaribu jibu jingine, yaani kuongeza muda wa darasani. Jimbo la New York lilitunga sheria ya kwanza ya CPA mwaka 1896. Baadaye majimbo yakadai saa 150 za masomo ya chuo, wakati digrii ya kawaida ina takriban 120, na pengo hilo la saa 30 ndilo lililowafanya wengi wasome masta ya uhasibu. Mwaka 2025 majimbo kadhaa, Ohio likiwa miongoni mwa ya kwanza, yalipitisha sheria za kufungua mlango wa pili: digrii ya kawaida pamoja na miaka 2 ya kazi. Hata nchi iliyotegemea sana miaka ya darasani inajiuliza upya ni kipi kinachomkomaza mtu. Anayepanga kwenda kusoma masta ng'ambo na afikirie hilo kabla hajauza kiwanja.

Tofauti hizi hazionekani vizuri hadi tuzishikishe jambo moja. Tuseme kampuni imekodi nyumba ya ofisi hapa Golf kwa miaka 5, kwa dola 2,000 kwa mwezi. Kwanza inaweka garanti kwa mwenye nyumba. Katika mpango wa OHADA fedha hiyo huenda akaunti 275, kwa kuwa ni mali yetu iliyo mikononi mwa mtu mwingine. Kisha kila mwezi kodi inaandikwa 622, gharama ya kupanga. Mwezi ukiisha, jambo limeisha.

Kanuni za kimataifa za uhasibu, IFRS, zinaiona nyumba hiyohiyo kwa jicho jingine. Tangu 2019, kanuni yao ya 16 inasema aliyepanga ana haki ya kuitumia nyumba, na haki hiyo ni mali. Vilevile ameahidi kulipa miaka 5, na ahadi hiyo ni deni. Malipo yote ni dola 120,000, lakini yakipunguzwa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, thamani yake leo ni takriban dola 94,000. Kiasi hicho kinaingia mizania siku ya kwanza, upande wa mali na upande wa madeni. Kampuni ileile, mlango uleule, mlinzi yuleyule getini. Kitabu kimoja hakioneshi deni kwenye mizania, kingine kinaonesha karibu dola laki moja.

Hili si zoezi la darasani tu. Mgodi wa Kinsevere, kaskazini mwa Lubumbashi, ni wa MMG, iliyo kwenye soko la hisa la Hong Kong. Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, una mbia aliye kwenye soko la hisa la Toronto. Wanahisa wa huko hawaijui 622. Kontable wa migodi ya namna hiyo hushika vitabu viwili, kimoja cha serikali ya Kongo na kingine cha kundi la kampuni, na lazima aweze kueleza daraja lililo kati yake. Ujuzi wa daraja hilo ndio unaotafutwa Golf leo, na haumo kamili katika kitabu kimoja.

Kuna desturi ya tatu, kongwe kuliko zote mbili katika njia zetu, ambayo haitoi cheti. Kabla ya reli, Msiri, mtu wa asili ya Wasumbwa wa Tanzania ya leo, alitawala Bunkeya na kufanya biashara ya shaba na pembe na misafara ya pwani. Huku Katanga misalaba ya shaba ilikuwa fedha. Kiswahili chetu kilikua zaidi migodini, lakini njia ya misafara ilitangulia, na pwani ilikuwa na adabu yake ya daftari. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu jambo hili: deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na anayedaiwa ndiye atoe imla. Fikiria hekima ya sharti hilo la mwisho. Asiye na sababu ya kulikuza deni ndiye anayelitaja. Wakaguzi wa leo huandika kurasa nyingi juu ya kutenganisha majukumu. Kiini chake kimo humo.

Adabu hiyo inaishi bado. Kina mama wa Lubumbashi katika likelemba, kama wenzao wa upatu Dar es Salaam na wa chama Nairobi, humchagua mmoja wa kushika daftari. Hawamwombi diploma. Wanaangalia alivyorudisha alichokopa, na kama anaandika mbele ya watu. Mali bila daftari huisha bila habari, wazee walisema, na kila jamii iliyoliamini neno hilo ililazimika kujibu swali linalofuata: tumkabidhi nani? Mfaransa akasema, yule aliyefunzwa na kuandikwa na sheria. Mwingereza akasema, yule aliyetahiniwa na wenzake. Likelemba ikasema, yule tuliyemwona.

Kwa anayejiandaa, basi, nashauri asiziache desturi mbili kwa ajili ya moja. Mpango wa OHADA aujue hadi umtoke usingizini, kwa kuwa bila huo hatapata saini nchini kwake. Kanuni za kimataifa azisome kwa Kiingereza mapema, akiziweka kando ya namba zake, jambo kwa jambo, kama tulivyofanya na nyumba ya Golf. Stazhi aitafute pale atakapoona karatasi tangu inazaliwa: oda, ankara, hati ya forodha ya mpaka wa Kasumbalesa, malipo ya benki.

Diploma yake nayo aitafsiri kwa uangalifu. Lisansi ya zamani ya Kongo ilikuwa miaka 5, mitatu ya graduat na miwili juu yake. Lisansi ya mfumo wa LMD ni miaka 3 na krediti 180, na masta inaongeza 120. Jina ni moja, uzito ni tofauti, na ofisi ya ng'ambo haitajua asipoieleza. Wala asidhani leseni itavuka mpaka kwa sababu mpaka umefunguka. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini makubaliano ya wahasibu wa Jumuiya ya kutambuana yalitiwa saini mwaka 2011, sisi hatujawa mezani.

Na akishasoma yote, ajipime kwa Kiswahili. Amweleze mama yake habari ya ile nyumba: kwa nini kitabu kimoja kinasema ni gharama ya mwezi na kingine kinasema ni deni la miaka 5. Akishindwa, arudi kusoma, maana amekariri lugha ya watu. Akiweza, mama aliyeshika daftari la likelemba huenda akamwuliza: "Sasa mwanangu, na mwenye nyumba akitutoa mwaka wa tatu?" Muda wa mkataba, haki ya kuuvunja, uhakika wa kubaki: hapo ndipo mtahini wa kanuni ya 16 naye huuliza. Mtoto anayeweza kumjibu mama yake swali hilo yuko tayari kuketi mbele ya mtahini yeyote, na mimi ningemkabidhi daftari.