Mganga, Askari na Jirani



Mtu akiungua uso na mikono, ni nani wa kumponya? Wengi watajibu, "Ni daktari." Jibu hilo ni kweli, walakini si kweli yote, na habari za East Grinstead, mji mdogo katika Uingereza, zitatuonyesha sababu.

Katika mwaka 1940 marubani wengi wa eropleni za vita za Uingereza waliungua vibaya, maana petroli ilipowaka, moto uliwapiga usoni na mikononi. Wakati ule majeraha ya moto yalipakwa tanini, dawa ya jamii ile itumiwayo na watengenezaji wa ngozi. Dawa hiyo iliyakausha majeraha yakawa magumu kama gamba, na vidole vikajikunja visikunjuke tena.

Mganga mpasuaji wa huko aliitwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand. Yeye hakuwa askari, wala hakukubali cheo cha jeshi, ili apate uhuru wa kusema na wakubwa. Alitazama sana, akaona ya kuwa marubani walioanguka baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu. Basi akaiacha tanini, akawaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi yaliyo vuguvugu, kisha akawaunga ngozi kidogo kidogo. Na kazi hiyo kwa wengine ilichukua miaka.

Tena wagonjwa hawakuwa kama magogo mikononi mwa seremala. Waliruhusiwa kutazama wenzao wakipasuliwa, wapate kujua yatakayowapata wenyewe. Katika mwaka 1941 waliunda chama chao, wakakiita Guinea Pig Club, kwa jina la mnyama mdogo ambaye waganga humjaribia dawa. Mtunza fedha walimchagua mtu aliyeungua miguu, wakisema huyu hawezi kukimbia na fedha zetu! Hata vita vilipokwisha, wanachama walikuwa 649.

Walakini ilikuwako kazi ambayo kisu hakikuiweza. McIndoe aliwaomba watu wa mji wasiwakodolee macho vijana wale, wala wasigeuze nyuso kwa hofu. Nao wakawaalika nyumbani kunywa chai, wakacheza nao dansi, hata mji ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho.

Basi, elimu ile ilitoka kwa watu watatu: mganga aliyetazama, askari aliyekubali kujaribiwa, na jirani aliyefungua mlango wake. Kisu cha mganga si wote tulio nacho. Lakini macho ya kumtazama aliyeungua kama mtu mwenzetu, ni nani asiye nayo?