Wake wa Askari wa Keya
Mwaka 1944 askari wa King's African Rifles, jeshi lililoitwa Keya, walipopigana Burma, wake zao walibaki nyumbani wakishika majembe mawili, la mke na la mume. Sehemu ya mshahara waliipokea bomani. Barua ilipofika, asiyejua kusoma alimtafuta wa kumsomea, na siri ya nyumba ikapita katika kinywa cha mwingine. Tarehe 12 Februari mwaka huo, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Wajane wao hawakupata hata kaburi la kulilia. Waliorudi vitani walivishwa nishani. Aliyewatunzia nyumba ya kurudia hakuvishwa kitu.