Bahari Iko Isiolo, Ni Vile Hatuiangalii

Kila nikiposti kitu kuhusu bahari, lazima mtu aulize: sasa sisi watu wa Isiolo na samaki ni wapi na wapi? Leo nawajibu na historia.

Angalia chombo cha maziwa cha nyanya wa Kiborana au wa Kigabra. Ule mkanda wake wa ngozi umeshonewa vitu vidogo vyeupe, vyenye mdomo kama wa meno. Hizo ni kauri, na kauri hazizaliwi jangwani. Ni nyumba za konokono wa Bahari ya Hindi, anayeishi kwenye matumbawe na maji ya kina kifupi. Zilipanda bara kwa biashara, mkono kwa mkono, kabla lami haijajulikana.

Na haikuwa biashara ndogo. Katikati ya karne ya 19, kampuni za Hamburg kama O'Swald zilinunua kauri Zanzibar zikazipeleka Afrika Magharibi kwa meli. Kule zilikuwa pesa. Huku kwetu zikawa pambo na baraka.

Sasa hapa ndipo tabianchi inaingia. Mwaka wa 1997 na 1998 El Niño ilipiga. Sikuwa nimezaliwa, lakini wazee wa kaskazini bado wanasimulia mafuriko, barabara kukatika, na Homa ya Bonde la Ufa iliyoua mifugo na watu. Kile hatusimulii ni kwamba joto lile lile la bahari lililotumwagia mvua lilipausha matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania, na mengi yakafa. Tukio ni moja, sisi tukabeba nusu ya hadithi.

Tena bahari inameza kaboni tunayotoa tukichoma mafuta na makaa. Asidi ikipanda majini, viumbe wenye makombe wanapata shida kujenga nyumba zao. Kauri ni mmoja wao.

Lamu mwaka wa 2018, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini FlipFlopi, jahazi la plastiki na malapa yaliyookotwa ufuoni. Mwaka wa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Hilo jahazi naliheshimu, lilifanya watu waone pwani inajazwa nini. Lakini tukisema sanaa ya bahari, macho yote huenda Lamu na Mombasa. Mama anayeshona kauri huku Isiolo, nani anamuuliza? Na mkononi ameshika rekodi ya bahari yenye umri kuliko nchi yetu.

Kwa hivyo kama nyanya yako ana chombo kama hicho, muulize leo. Kauri zilitoka kwa nani? Alizilipia nini? Rekodi na simu yako. Chuo niliacha, kuuliza sikuacha. Hao wazee wakienda na majibu, tutabaki na kauri za plastiki na hatutajua hata zinaiga nini.